Maandalizi ya Seva kwa Ajili ya Mashine Pepe katika Wingu Binafsi: Ulinganifu wa Utendaji na Utengano wa Hitilafu

Ikisiri

Mjadala kuhusu wingu binafsi mara nyingi huelekezwa kwenye uteuzi wa programu itakayotumika, ilhali hali ya seva kabla ya programu hiyo kusimikwa huachwa mikononi mwa mafundi bila kuchunguzwa kitaaluma. Makala hii inafafanua maandalizi ya seva zinazokusudiwa kuendesha mashine pepe, kwa kutumia mfano wa klasta ya seva tatu inayotumia Proxmox VE, KVM na Ceph. Hoja kuu ni kwamba maandalizi hayo yana malengo mawili yanayovutana: seva zifanane katika namna zinavyofanya kazi, na zitengane katika namna zinavyoharibika. Makala inaonesha jinsi kila lengo linavyotimizwa katika kichakataji, saa, mtandao, umeme na diski, inaeleza hesabu ya uwezo unaoweza kuahidiwa watumiaji, na inapendekeza majaribio yanayopaswa kufanywa kabla ya huduma yoyote kuhamishiwa kwenye wingu hilo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na huduma ya intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Kwa taasisi ambayo mifumo yake yote imehifadhiwa katika vituo vya data vya ng'ambo, tukio la namna hiyo huzua hali ya ajabu: data ziko salama, seva zinafanya kazi, lakini mtumiaji aliye ofisini hazifikii. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya Tanzania, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti kuhusu usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi. Sababu hizi mbili, moja ya kimiundombinu na nyingine ya kisheria, zinazipa hospitali, vyuo na ofisi za umma msukumo wa kuendesha wingu ndani ya majengo yao.

Peter Mell na Timothy Grance, katika fasili iliyochapishwa mwaka 2011 na Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, wanalieleza wingu binafsi kuwa ni miundombinu ya wingu iliyotengwa kwa matumizi ya taasisi moja pekee. Miundombinu hiyo inaweza kumilikiwa na kuendeshwa na taasisi yenyewe au na mtu mwingine kwa niaba yake. Makala hii inahusu hali ya kwanza, ambapo taasisi hununua seva, huziweka katika chumba chake na kubeba dhamana ya kila kitakachotokea.

Dhamana hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana mwanzoni. Katika utaratibu wa zamani kila mfumo uliwekwa katika kompyuta yake. Kompyuta ya maktaba ikiharibika, maktaba ilisimama, lakini uhasibu na matokeo ya mitihani viliendelea. Katika wingu, mashine pepe 20 zinaweza kukaa ndani ya seva moja, hivyo hitilafu moja inaweza kuzima huduma 20 kwa mara moja. Teknolojia inayopunguza gharama ndiyo hiyo hiyo inayokusanya hatari mahali pamoja. Programu ya mashine pepe ina njia za kukabiliana na hatari hiyo, lakini njia hizo hufanya kazi pale tu seva zilipoandaliwa kuzipokea.

2.0 Usuli wa Teknolojia na Istilahi

Katika makala hii, mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu, yenye kichakataji, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao ambavyo mfumo endeshi uliomo ndani yake huviona kana kwamba ni vifaa halisi. Haipavaiza ni programu inayozigawia mashine pepe rasilimali za seva halisi na kuzuia mashine moja isiingilie nyingine. Seva mwenyeji ni seva halisi inayobeba haipavaiza. Klasta ni kundi la seva wenyeji zinazokubaliana kufanya kazi kama kitu kimoja.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1960, kituo cha IBM kilichokuwa Cambridge, Massachusetts, kiliunda mifumo ya CP-40 na CP-67 iliyowawezesha watumiaji wengi kupata kila mmoja kompyuta yake pepe ndani ya kompyuta moja kubwa. Mwaka 1972 IBM ilitangaza VM/370. Miaka miwili baadaye, Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha makala iliyoweka vigezo vitatu vya haipavaiza: programu iendayo ndani ya mashine pepe itende kama ingetenda kwenye kompyuta halisi, amri nyingi zitekelezwe moja kwa moja na kichakataji ili kulinda ufanisi, na udhibiti wote wa rasilimali ubaki kwa haipavaiza.

Vichakataji vya jamii ya x86, vilivyokuja kutawala soko la seva, havikutimiza vigezo hivyo kwa asili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000 ulibainisha amri 17 za kichakataji cha Pentium ambazo ziligusa hali nyeti ya kompyuta bila kumjulisha msimamizi wake. VMware, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998, ilikwepa tatizo hilo kwa kutafsiri amri hizo wakati programu ikiendelea. Mradi wa Xen wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, uliotolewa hadharani mwaka 2003, uliubadili mfumo endeshi mgeni ili ushirikiane na haipavaiza. Suluhisho la kudumu lilitokana na vichakataji vyenyewe: Intel iliongeza msaada wa mashine pepe mwaka 2005 na AMD mwaka 2006. Msaada huo ndio uliowezesha KVM kuingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007, na Proxmox VE, iliyojengwa nchini Austria juu ya KVM, kutolewa mwaka 2008.

Historia hii inaeleza kwa nini maandalizi huanzia kwenye kifaa. Haipavaiza ya leo imeachia kichakataji sehemu kubwa ya kazi ya kutenganisha mashine pepe. Kwa hiyo uimara wa utengano huo unategemea kifaa kilichopo na namna kilivyowekwa.

3.0 Malengo Mawili Yanayovutana

Klasta hutoa faida yake kubwa pale mashine pepe inapoweza kuhama kutoka seva moja kwenda nyingine. Uhamaji huo unahitaji ulinganifu: seva inayopokea iwe na uwezo uleule, mtandao uleule, saa ileile na njia ileile ya kufikia diski. Seva ikitofautiana na nyenzake, mashine pepe hukwama au huanguka inapohamia huko.

Lakini faida hiyo hutoweka endapo seva zote zitaanguka pamoja. Seva tatu zinazofanana kwa kila kitu, zilizochomekwa katika chanzo kimoja cha umeme na kuunganishwa na swichi moja, ni seva moja iliyogawanywa katika masanduku matatu. Ndiyo maana utengano unahitajika: chochote kinachoweza kuiangusha seva moja kisiwe na njia ya kuzifikia nyingine.

Mvutano huu ulionekana waziwazi Novemba 2019, pale kampuni ya HPE ilipowatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski zake za SSD zilikuwa na kasoro katika programu dhibiti, na kwamba zingeacha kufanya kazi zikitimiza saa 32,768, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8 za kuwashwa. Kwa taasisi iliyonunua diski hizo kwa pamoja na kuziwasha siku moja, nakala tatu za data zisingekuwa kinga, kwa kuwa diski zote zingefikia saa hiyo karibu kwa wakati mmoja. Ulinganifu ulikuwa umegeuka kuwa hitilafu ya pamoja. Mwandaaji wa seva hana budi, katika kila kipengele, kuuliza maswali mawili: je, seva hizi zinafanana vya kutosha kupokezana kazi? Je, ni kitu gani kimoja kinachoweza kuziangusha zote?

4.0 Maandalizi ya Ulinganifu

4.1 Kichakataji na Programu Dhibiti

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba msaada wa mashine pepe upo na umewashwa. Katika Linux, orodha ya sifa za kichakataji huonesha neno vmx kwa Intel au svm kwa AMD. Neno hilo lisipoonekana katika kichakataji chenye uwezo huo, sababu ya kawaida ni kwamba msaada umezimwa katika mipangilio ya UEFI, ambayo hufunguliwa kabla mfumo endeshi haujaanza. Iwapo mashine pepe zitahitaji kukabidhiwa kadi halisi moja kwa moja, msaada wa IOMMU nao uwashwe, kwa kuwa ndio unaozuia kadi hiyo isiguse kumbukumbu isiyoihusu.

Hatua ya pili ni kusawazisha matoleo ya programu dhibiti na ya maikrokodi za kichakataji. Kasoro za Meltdown na Spectre, zilizotangazwa Januari 2018, na ile ya L1TF iliyotangazwa Agosti mwaka huohuo, zilithibitisha kwamba taarifa za mashine pepe moja zinaweza kuvuja kwenda nyingine kupitia kichakataji chenyewe. Seva moja iliyoachwa na toleo la zamani huifanya klasta nzima iwe na ulinzi wa kiwango cha seva hiyo, kwani mashine pepe yoyote inaweza kuhamia hapo.

Hatua ya tatu ni kuamua aina ya kichakataji itakayooneshwa kwa mashine pepe. Proxmox VE inaruhusu mashine pepe ione sifa zote za kichakataji halisi, au ione kundi dogo la sifa zinazopatikana katika seva zote. Chaguo la kwanza lina kasi zaidi, lakini mashine pepe iliyozoea amri za kichakataji kipya inaweza kuanguka ikihamishiwa kwenye cha zamani. Klasta inayotarajiwa kuongezewa seva za miaka tofauti inapaswa kutumia chaguo la pili tangu mwanzo. Kuchanganya vichakataji vya Intel na AMD katika klasta moja ambayo mashine zake huhama zikiwa hai hakushauriwi, kwa sababu mafanikio ya uhamaji huo hayana uhakika.

4.2 Saa na Majina

Saa za seva huonekana kuwa jambo dogo hadi zinapotofautiana. Kwa mpangilio wake wa awali, Ceph hutoa onyo pale tofauti ya saa kati ya waangalizi wake inapozidi sekunde 0.05. Kumbukumbu za matukio pia hupoteza maana kama seva moja imetangulia nyingine, na uthibitishaji wa watumiaji unaotegemea muda hukataliwa. Vyanzo viwili vya saa havitoshi, kwani vikitofautiana hakuna njia ya kujua kipi ni sahihi. Vyanzo vitatu huwezesha wengi kumshinda mmoja aliyepotoka, na cha nne hulinda uwezo huo pale kimoja kinapokosekana. Vilevile ni muhimu seva ziwe na saa ya pamoja ya ndani ya kufuata pale intaneti inapokatika, ili zibaki zikikubaliana zenyewe kwa zenyewe hata zisipofikia vyanzo vya nje.

Majina na anwani za seva navyo vipangwe kabla ya klasta kuundwa, kwa sababu katika Proxmox VE haviwezi kubadilishwa kirahisi baada ya seva kujiunga. Kila seva iwe na orodha yake ya ndani ya majina na anwani za nyenzake. Sababu ya sharti hili inaelezwa katika sehemu ya 5.3.

4.3 Mtandao

Seva mwenyeji katika wingu dogo hubeba mawasiliano ya aina nne: ya klasta, ambayo seva huyatumia kujulishana kuwa ziko hai, ya hifadhi, ambayo husafirisha nakala za data, ya watumiaji, na ya usimamizi. Kuyachanganya yote katika waya mmoja ni kosa linalojificha vizuri. Corosync, programu inayoratibu klasta ya Proxmox VE, huhitaji ujumbe ufike kwa ucheleweshaji usiozidi takriban milisekunde 5. Ujumbe wenyewe ni mdogo, hivyo katika siku za kawaida waya wa pamoja hutosha. Diski moja inapoharibika, Ceph huanza kusafirisha data nyingi ili kurejesha nakala iliyopotea. Waya hujaa, ujumbe wa Corosync huchelewa, na seva zenye huduma zilizowekewa ulinzi wa kujihamisha hudhani zimetengwa na wenzao, kisha hujizima na kujiwasha upya. Kwa njia hiyo diski moja, ambayo mfumo uliundwa kuivumilia, huangusha klasta nzima. Waya wa klasta utengwe, na uwekewe waya wa pili wa akiba.

Kasi ya mtandao wa hifadhi nayo huamua urefu wa muda wa hatari. Kurejesha TB 4 katika mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde huchukua, kwa nadharia, karibu saa 9. Katika mtandao wa gigabiti 10, chini kidogo ya saa 1. Katika muda huo wote data husika huwa na nakala mbili badala ya tatu.

Pale ambapo pakiti kubwa za baiti 9,000 zinatumika badala ya 1,500 za kawaida, kila kadi na kila swichi njiani ikubali ukubwa huo. Kifaa kimoja kikiachwa nyuma, ujumbe mdogo hupita na mkubwa hupotea, hivyo mtandao huonekana mzima huku hifadhi ikikwama. Jaribio lake ni kutuma ping yenye baiti 8,972 za data huku ugawaji wa pakiti ukiwa umezuiwa. Baiti 28 zinazobaki huchukuliwa na vichwa vya pakiti.

5.0 Maandalizi ya Utengano

5.1 Umeme na Joto

Seva nyingi za kitaasisi huwa na vifaa viwili vya kupokea umeme. Thamani yake hupatikana pale kila kimoja kinapochomekwa katika UPS yake, nayo kila UPS ipewe njia yake kutoka kwenye ubao wa umeme. Hata hivyo, kutenganisha waya bila kufanya hesabu hakutoshi. Tuseme UPS mbili zinagawana mzigo, na kila moja inabeba asilimia 60 ya uwezo wake. Moja ikifa, nyingine hupokea asilimia 120 na kuzidiwa. Zote mbili huzimika, ingawa kila kitu kilionekana kuwa na pacha wake. Kila UPS isibebe zaidi ya nusu ya uwezo wake katika hali ya kawaida, na ni salama zaidi ikiwa chini ya hapo.

Joto ni njia nyingine ya hitilafu ya pamoja. Mwongozo wa ASHRAE unapendekeza hewa inayoingia katika seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, kiyoyozi kimoja kikizimika seva zote hupata joto kwa pamoja. Kwa sababu hiyo kiyoyozi cha pili, kilichounganishwa na jenereta, ni sehemu ya maandalizi ya seva.

5.2 Diski na Nakala

Ceph huhitaji kuiona kila diski moja kwa moja. Kadi ya RAID inayoficha diski nyuma ya kumbukumbu yake yenyewe iwekwe katika hali ya kupitisha tu, au ibadilishwe kwa kadi ya kawaida ya kuunganishia diski. SSD zichaguliwe zenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika. Diski zisizo na kinga hiyo, ambazo huuzwa kwa kompyuta za nyumbani, hupoteza sehemu kubwa ya kasi yake zinapolazimishwa kuthibitisha kila maandishi, na thibitisho hilo ndilo Ceph inalolidai kila mara.

Ili kujikinga na kasoro ya aina iliyoelezwa katika sehemu ya 3.0, ni busara kununua diski zenye uwezo uleule kutoka kwa watengenezaji wawili, au kutoka katika mafungu tofauti, na kuzichanganya kwa namna ambayo nakala tatu za data moja haziangukii diski za fungu moja. Ulinganifu utafutwe katika uwezo na kasi, na utengano katika asili.

Pamoja na hayo, nakala tatu za Ceph si mbadala wa nakala rudufu. Mtumiaji akifuta jedwali la matokeo, ufutaji huo hutekelezwa katika nakala zote tatu papo hapo. Moto ulioteketeza jengo la SBG2 la OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, uliwaonesha baadhi ya wateja kwamba nakala zao rudufu zilikuwa zimehifadhiwa katika eneo lilelile la data zao. Nakala rudufu ikae nje ya klasta na nje ya jengo.

5.3 Akidi na Kuanza Upya kutoka Gizani

Klasta hufanya maamuzi kwa akidi, kama kikao cha bodi. Ikiwa na kura tatu, akidi ni mbili, hivyo seva moja inaweza kukosekana. Ikiwa na kura nne, akidi ni tatu, na bado ni seva moja tu inayoweza kukosekana. Seva ya nne imeongeza uwezo wa kazi bila kuongeza uvumilivu. Ikiwa na kura mbili, akidi ni mbili, na kukosekana kwa yoyote kunasimamisha maamuzi. Akidi huzuia hali ambapo pande mbili zilizopoteza mawasiliano zinaendesha mashine pepe ileile na kuandika juu ya diski moja, kila upande ukijiona ndio halali. Hali hiyo ikitokea katika mfumo wa hospitali au wa mitihani, rekodi huharibika kwa namna ambayo inaweza kuwa vigumu kuitambua. Taasisi yenye uwezo wa kununua seva mbili tu inaweza kuongeza kifaa kidogo cha tatu kwa ajili ya kupiga kura, mradi kifaa hicho kisitegemee umeme wala swichi ya mojawapo ya seva hizo.

Suala ambalo ni rahisi zaidi kusahaulika ni kuanza upya baada ya umeme wote kukatika. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi, jambo linaloonesha kuwa hali hiyo si ya kufikirika tu. Chukulia kwamba seva ya majina, seva ya saa na seva ya uthibitishaji wa watumiaji zote zimewekwa kama mashine pepe ndani ya wingu. Umeme unaporudi, seva wenyeji hutafuta majina ya wenzao kutoka kwa mashine pepe ambayo haijawashwa, na mashine pepe hiyo haiwezi kuwashwa hadi seva wenyeji zikubaliane. Msimamizi naye hawezi kuingia kwa sababu nywila yake inathibitishwa na mashine pepe nyingine iliyolala. Ndiyo sababu kila seva inahitaji orodha yake ya ndani ya majina, saa ya ndani ya pamoja, na akaunti moja ya dharura isiyotegemea mfumo wa nje, ambayo nywila yake imehifadhiwa kwenye karatasi ndani ya kasha la chuma.

6.0 Kukadiria Uwezo Unaoweza Kuahidiwa

Utengano una gharama, na gharama hiyo huonekana katika hesabu. Chukua mfano wa seva tatu, kila moja ikiwa na kumbukumbu kuu ya GB 256 na diski nne za TB 4.

Kwa upande wa kumbukumbu, kila diski ya Ceph hupangiwa takriban GB 4 kwa mpangilio wa awali, hivyo diski nne huhitaji GB 16. Ikitengwa GB 16 nyingine kwa ajili ya mfumo endeshi na dharura, hubaki GB 224 kwa kila seva, au GB 672 kwa zote. Hata hivyo, seva moja ikianguka, mbili zilizobaki zina GB 448 tu. Kiasi kinachoweza kuahidiwa watumiaji ni hicho cha pili. Viini vya kichakataji vinaweza kugawiwa kupita idadi yake halisi, kwani mashine pepe nyingi hukaa kimya muda mrefu, lakini kumbukumbu iliyokwisha hutumika haina ukarimu huo.

Kwa upande wa diski, jumla ni TB 48. Nakala tatu hupunguza kiasi hicho kuwa TB 16. Diski moja ikiharibika, data yake hutafuta nafasi katika diski tatu zilizobaki ndani ya seva ileile, kwa kuwa seva nyingine mbili tayari zina nakala zao. Hivyo uwezo wa kutegemewa ni TB 12. Ceph hutoa onyo diski zinapojaa asilimia 85, na kwa mpangilio wa awali husitisha maandishi zinapofika asilimia 95. Asilimia 85 ya TB 12 ni TB 10.2. Mkaguzi anayesoma hati ya ununuzi ataona TB 48. Mtumiaji anapaswa kuahidiwa TB 10. Tofauti hii isipoelezwa kwa uongozi kabla ya ununuzi, baadaye huonekana kama ubadhirifu, na shinikizo la kutumia nafasi "iliyolala" huondoa kinga yote iliyogharamiwa.

7.0 Majaribio kabla ya Huduma

Maandalizi hayakamiliki kwa usimikaji. Yanapaswa kuthibitishwa kwa kuharibu kwa makusudi, wakati ambapo hakuna data ya mtu iliyo hatarini. Majaribio yafuatayo yanapendekezwa, kila moja likiandikiwa tarehe, muda na matokeo:

(i) Kumbukumbu kuu ya kila seva ipimwe kwa programu ya majaribio kwa saa 24 au zaidi, na diski ziandikwe na kusomwa zote.

(ii) Kasi ya mtandao ipimwe kati ya kila jozi ya seva, kisha ucheleweshaji wa klasta upimwe wakati mtandao wa hifadhi umejazwa makusudi.

(iii) UPS moja izimwe wakati seva zote zina mzigo kamili, kisha irudishwe na kuzimwa ya pili.

(iv) Seva moja ichomolewe umeme bila taarifa, na muda wa mashine pepe kuanza upya katika seva nyingine urekodiwe.

(v) Diski moja ichomolewe, na utendaji wa mashine pepe ufuatiliwe hadi nakala zote zirejee.

(vi) Seva zote zizimwe pamoja, intaneti ikatwe, kisha wingu lianzishwe na mtu asiyelijenga, akifuata maelezo yaliyoandikwa tu.

(vii) Nakala rudufu ya mashine pepe moja irejeshwe na kufunguliwa.

Jaribio la sita lina uzito wa pekee. Linapima seva, na pia linapima kama maarifa ya klasta yamo katika maandishi au katika kichwa cha mtumishi mmoja. Mtumishi huyo ni chanzo cha hitilafu ya pamoja sawa na swichi moja au kiyoyozi kimoja.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kuandaa seva kwa ajili ya mashine pepe ni kujenga ulinganifu na utengano kwa wakati mmoja. Ulinganifu wa kichakataji, programu dhibiti, saa na mtandao huiwezesha kazi kuhama. Utengano wa umeme, diski, njia za mawasiliano na maarifa huhakikisha kwamba pana mahali pa kuhamia. Kimoja kikikosekana, kingine hupoteza thamani.

Matokeo ya kivitendo ni mawili. Kwanza, pale bajeti isipotosha vyote, taasisi iliyotenganisha seva mbili, kifaa cha kura na nakala rudufu ya nje iko katika hali bora kuliko iliyonunua seva tatu zenye nguvu na kuzichomeka katika UPS moja. Pili, ripoti za miradi ya wingu binafsi zinapaswa kutathminiwa kwa kumbukumbu za majaribio ya hitilafu pamoja na hesabu ya uwezo baada ya seva moja kukosekana. Ripoti inayotaja idadi ya seva na jina la programu pekee haijaeleza bado kama mwanafunzi atapata matokeo yake, au daktari faili la mgonjwa wake, siku ambayo seva moja haitawaka.